Sare haidaiwi kwa mdomo mtupu: mwongozo kamili wa kuifikia na kuidai sare ya mashindano

Vijana ninaocheza nao hapa Ngamiani, Tanga, wanajua kucheza chesi kuliko wanavyojua kudai sare. Kila baada ya mashindano naletewa kisa kilekile: "Mkao ulijirudia mara tatu, mwamuzi akanikatalia." Mkao ni jinsi kete zote zilivyokaa ubaoni, na ukijirudia mara tatu unaweza kudai sare. Nikiomba karatasi, ama hatua zimeandikwa nusu, ama mwenyewe anakiri kwamba alisogeza kete kwanza ndipo akamwita mwamuzi. Nusu pointi imekwenda na maji.

Wengi wetu tumetoka kwenye drafti. Chini ya mwembe, suluhu ni maneno tu: mmoja anasema "hapa hakuna kitu", watazamaji wanaitikia, kete zinapangwa upya. Kwenye mashindano ya chesi watazamaji hawana kauli, na neno lako peke yake halimtoshi mwamuzi. Kinachohesabika ni kalamu, mkono na zamu.

Nitatumia ufunguzi mmoja, ule wa Berlin, kwa sababu ndani yake mna njia inayofika kwenye sare hatua ya 14. Ukiizoea njia hiyo utaweza kudai sare kwenye mkao mwingine wowote.

## Vitu vya kuandaa

- Ubao na kete zote 32.
- Saa ya chesi. Nyumbani saa ya kwenye simu inatosha. Ukumbini simu hairuhusiwi, kwa hiyo usiizoee kupita kiasi.
- Karatasi za kuandikia hatua. Zikikosekana, chukua daftari la mistari, gawa ukurasa safu mbili, Mweupe kushoto na Mweusi kulia, na namba za hatua pembeni.
- Kalamu mbili za wino mkavu. Kwa joto letu la pwani, mkono wenye jasho unaufuta wino wa majimaji.
- Mwenzako wa kucheza naye, na mtu wa tatu wa kukaa kama mwamuzi. Huyu wa tatu ndiye watu humwacha, na ndiye wa lazima.

Alama nitakazotumia ni zile zinazoandikwa kwenye mashindano: K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi. Kitunda, ambacho wengi hukiita askari, hakina herufi. Herufi ndogo na namba, kama e4, ni jina la nyumba ubaoni. Alama ya x ni kula, + ni cheki, na O-O ni kumficha mfalme upande wake mfupi. Nukta tatu baada ya namba zinaonyesha hatua ya Mweusi.

## 1. Soma masharti ya mashindano kabla hujakaa

Uliza mambo mawili: muda wa mchezo, na kama kupatana sare kunaruhusiwa.

Kanuni za FIDE, shirikisho la chesi la dunia, zinawaruhusu waandaaji kuwazuia wachezaji kupatana sare kabla ya idadi fulani ya hatua, au kuzuia kabisa, bila idhini ya mwamuzi. Katazo hilo linahusu mapatano ya wachezaji wawili. Sare ya mkao kujirudia ni dai unalolipeleka kwa mwamuzi, halingoji ukubali wa mpinzani. Ndiyo maana mwongozo huu umelemea hapo.

Kama ni mchezo wa haraka, yaani zaidi ya dakika 10 na chini ya dakika 60 kwa kila mchezaji, hulazimiki kuandika hatua, na haki ya kudai unabaki nayo. Hata hivyo unaweza kumwomba mwamuzi karatasi wakati wowote. Iombe. Kumbukumbu ya kichwani haina shahidi.

Umefanikiwa kama unaweza kumweleza mwenzako masharti hayo bila kwenda kuuliza tena.

## 2. Andika kila hatua, yako na yake

Cheza, kisha andika. Kuandika hatua kabla ya kuicheza kumekatazwa, isipokuwa pale unapodai sare. Ushike vizuri upekee huo, tutauhitaji kwenye sehemu ya 5.

Unaruhusiwa kumjibu mpinzani kwanza ndipo uiandike hatua yake, lakini hatua yako iliyopita lazima iwe imeandikwa kabla hujacheza nyingine. Mimi nawashauri wanaoanza wasubiri: mpinzani acheze, uandike, ndipo ufikiri. Unapoteza sekunde chache na unapata karatasi safi.

Ikibaki chini ya dakika 5 kwenye saa yako, na huongezewi angalau sekunde 30 kila hatua, kanuni inakusamehe kuandika. Msamaha huo una gharama yake: bila karatasi, dai lako litakuwa gumu kuthibitisha. Jitahidi mkao wako uwe umejulikana kabla ya hapo.

Na feni ya ukumbini isikusumbue. Ibane karatasi chini ya ukingo wa ubao.

Umefanikiwa kama mtu ambaye hakuuona mchezo anaweza kuucheza upya kwa kusoma karatasi yako tu.

## 3. Cheza ufunguzi mpaka hatua ya 10

Pangeni ubao, mcheze hivi polepole:

1. e4 e5
2. Nf3 Nc6
3. Bb5 Nf6
4. O-O Nxe4
5. d4 Nd6
6. dxe5 Nxb5
7. a4 Nbd4
8. Nxd4 Nxd4
9. Qxd4 d5
10. exd6 Qxd6

Sababu zake ni hizi. Hatua ya 3 ya Mweusi ndiyo inayoufanya ufunguzi huu uwe wa Berlin: badala ya kumfukuza askofu wa b5, Mweusi anakitisha kitunda cha e4. Hatua ya 4 anakila. Hatua ya 5 farasi anarudi d6, na papo hapo anamtisha askofu wa b5.

Hatua ya 6 Mweupe anamwachia askofu aliwe, kisha 7. a4 inamdai farasi aliyemla. Farasi hana maficho mazuri, kwa hiyo anajitoa d4 na kete zinapunguana kwa mfululizo.

Hatua ya 10 inawakwaza wengi. Kitunda cheusi kimeruka kutoka d7 hadi d5, na kitunda cheupe cha e5 kinakila kikiwa njiani, kinatua d6. Ruhusa hiyo ni ya hatua moja tu. Mweupe asipoitumia mara ile, imekwisha.

Sasa hesabu kete. Kila upande una vitunda 6, malkia na ngome mbili. Mweupe ana askofu na farasi, Mweusi ana maaskofu wawili. Kama hesabu yako ni tofauti, kuna hatua umeikosea. Rudi mwanzo, usiendelee kwa kubahatisha.

Umefanikiwa kama malkia mweupe yuko d4, malkia mweusi yuko d6, na zamu ni ya Mweupe.

## 4. Uone mkao, kisha uhesabu mkao

Mchezo unaendelea hivi:

11. Qe4+ Qe6
12. Qd4 Qd6
13. Qe4+ Qe6
14. Qd4 Qd6

Kwa nini wanazunguka? Malkia wa d4 anaikodolea macho g7, na mlinzi pekee wa g7 ni askofu wa f8. Mweusi akimtoa ovyo askofu huyo, kitunda kinaliwa na ngome ya h8 inatishwa. Na cheki ya e4 akiizuia kwa 11...Be6, askofu ameiacha c8 na kitunda cha b7 kimebaki bila mlinzi. Kwa hiyo anaziba kwa malkia, kisha anarudi d6 kumwalika mwenzake wauane malkia. Mweupe naye, akikubali kubadilishana, anabaki kwenye mchezo uliolingana huku mpinzani ana maaskofu wawili. Kila mmoja anaona heri arudie.

Hapa ndipo palipo na kosa kubwa, na nitakaa hapa kidogo.

Watu huhesabu hatua. Wanasema, "Malkia amekwenda e4 mara mbili, amerudi d4 mara mbili, basi tayari." Kanuni haihesabu hatua, inahesabu mkao: kete zilezile, kwenye nyumba zilezile, zamu ikiwa ya mtu yuleyule, na uwezo wa kila kete ukiwa uleule. Si lazima mara tatu hizo zifuatane. Mkao unaweza kutokea hatua ya 20, ukarudi hatua ya 27 na tena hatua ya 41, na dai likasimama.

Soma karatasi yako, na hesabu uiweke akilini, si kwenye karatasi, maana kuandika vikumbusho vyako humo ni kosa:

- Baada ya 10...Qxd6, mkao umetokea mara ya kwanza.
- Baada ya 12...Qd6, mara ya pili.
- Baada ya 14...Qd6, mara ya tatu.

Wengi huisahau ile ya kwanza kwa sababu hatua iliyoleta mkao ilikuwa ya kula, imeandikwa Qxd6, na haifanani na Qd6. Namna mkao ulivyofikiwa haina uzito. Hesabu ulivyo baada ya mkono kuachia kete.

Kuna mitego miwili ya "uwezo uleule". Mfalme mweusi wa e8 bado hajasogea, kwa hiyo haki yake ya kufichwa ipo. Tuseme akatoka kwenda d8 kisha akarudi e8. Kwa macho mkao ni uleule, kwa kanuni ni mwingine, kwa kuwa haki hiyo imekufa. Mtego wa pili ni ile ruhusa ya kula kitunda kikiwa njiani: mkao wenye ruhusa hiyo haulingani na mkao uliokwisha kuipoteza, hata kama kila kete iko pale ilipokuwa.

Umefanikiwa kama mwenzako akisimamisha mchezo popote, unaweza kumwambia mkao ule umetokea mara ngapi na baada ya hatua zipi.

## 5. Dai sare, ukiwa umeizuia mikono yako

Nina kisa changu. Nilikuwa nimezidiwa kitunda kimoja, mchezo wa ngome kwa ngome, ukumbi wa hapahapa Tanga. Niliona mkao unakuja mara ya tatu. Kwa furaha nikasogeza ngome, nikabonyeza saa, nikainua uso nikasema, "Sare hii." Mwamuzi akaja, akaitazama saa, akaniambia kwa upole kwamba zamu ni ya mwenzangu na mimi sina dai. Mwenzangu akabadili njia, akanishinda. Mkao ulikuwa umetimia kweli mara tatu. Nilikuwa nimeikabidhi haki yangu pamoja na zamu.

Fuata njia inayokuhusu.

Kama wewe ni Mweusi, na Mweupe amecheza 14. Qd4:

Usiguse kete. Andika 14...Qd6 kwenye karatasi, usiicheze. Simamisha saa kwa kitufe cha kusitisha, si kile cha kumpa mpinzani zamu. Inua mkono. Mwamuzi akifika, sema: "Mwamuzi, nakusudia kucheza hatua hii niliyoandika. Mkao utakuwa umetokea mara ya tatu. Nadai sare."

Kama wewe ni Mweupe, na Mweusi amekwisha kucheza 14...Qd6:

Mkao umetimia na zamu ni yako. Usiguse kete, na huhitaji kuandika hatua yako. Simamisha saa, mwite mwamuzi, sema: "Mkao huu umetokea mara ya tatu na zamu ni yangu. Nadai sare."

Ukigusa kete kwa nia ya kuicheza, haki ya kudai kwenye hatua hiyo imekwisha. Ndiyo sababu nawaambia vijana wakalie mikono.

Ukipitiwa, usivunjike moyo. Tuseme Mweupe alisahau na akacheza 15. Qe4+. Hiyo nayo ni mara ya tatu ya mkao wake, baada ya hatua ya 11 na ya 13, na sasa Mweusi ndiye mwenye zamu na haki. Malkia wakiendelea kuzunguka, nafasi itarudi.

Halafu kuna jambo la adabu, na nalisema kwa sababu limewagharimu wengi. Kijana wa miaka 15 akikaa mbele ya mtu wa umri wa baba yake, anaona aibu kusimamisha saa. Anaanza kumbembeleza: "Mzee, si tumalizie hapa?" Hayo sasa ni maombi ya mapatano, na mzee ana haki ya kukataa. Mwamkie shikamoo mnapokaa, mpe mkono mnapomaliza, na katikati mwite mwamuzi bila kuona haya. Dai lako halimgusi mzee hata kidogo, linahusu mkao.

Wapo pia wanaosema sare ni ya waoga. Mwaka 2018 kule London, Magnus Carlsen na Fabiano Caruana walitoka sare michezo yote 12 ya muda mrefu ya kugombea ubingwa wa dunia. Sidhani yupo mtu katika mabaraza yetu atakayewaita hao waoga.

Umefanikiwa kama mwamuzi anafika mezani na kukuta saa imesimama, zamu yako haijatoka mikononi mwako na kete haijaguswa.

## 6. Mwache mwamuzi akague

Mwamuzi atachukua karatasi, pengine aurudie mchezo kwenye ubao mwingine. Kaa kimya. Dai likishatolewa haliondolewi, hata kama ghafla umeiona njia ya kushinda.

Dai likiwa sahihi, mchezo umekwisha palepale. Likiwa na kosa, mpinzani anaongezewa dakika 2 na mchezo unaendelea, na kama ulidai kwa hatua uliyoiandika, ni lazima uicheze hiyohiyo. Kwa hiyo usiandike hatua mbovu kwa kujaribu bahati.

Jambo moja zuri kwako: dai linahesabiwa pia kuwa ombi la sare. Mpinzani akisema "nakubali" kabla ya ukaguzi kwisha, na masharti yanaruhusu mapatano, mmemaliza.

## 7. Mpinzani akiacha njia

Hakuna anayelazimika kukufuata mpaka hatua ya 14. Haya ndiyo ninayokutana nayo mara nyingi; tuseme wewe ni Mweusi.

12. Qxe6+ Bxe6. Malkia wamekwisha. Huna haja ya woga: vitunda 6 kwa 6, na una maaskofu wawili. Toa kete, mfiche mfalme, cheza.

5. Re1 badala ya 5. d4. Rudi 5...Nd6. Baada ya 6. Nxe5 cheza 6...Be7, kisha 7. Bf1 Nxe5 8. Rxe5 O-O, na ubao umetulia. Onyo: ukicheza 6...Nxe5 7. Rxe5+ Be7 8. Nc3, usiwe na pupa ya kumla askofu. 8...Nxb5 inajibiwa 9. Nd5, na ukimficha mfalme linakuja 10. Nxe7+ Kh8 11. Qh5, malkia akikusudia kujitoa h7 ili ngome imalize kwa h5. Pangeni mkao huo muuone kwa macho, mara moja inatosha kuukumbuka.

4. d3. Mweupe hataki haya yote. Basi sare yako ya hatua ya 14 haipo, na utacheza mchezo mrefu kama kawaida. Mbinu ya kudai inabaki ileile.

## 8. Sare za njia nyingine, kwa ufupi

Kupatana. Cheza hatua yako, sema "naomba sare", ndipo ubonyeze saa. Ombi haliwekewi masharti wala halirudishwi. Wote wawili mnaandika (=) kwenye karatasi. Akigusa kete ili acheze, amekataa.

Hatua 50. Kila mmoja amecheza hatua 50 mfululizo bila kitunda kusogea wala kete kuliwa. Hudaiwa kwa utaratibu uleule wa sehemu ya 5.

Zisizohitaji dai. Mchezaji mwenye zamu hana hatua halali na mfalme wake hayuko kwenye cheki: sare papo hapo. Mkao ukitokea mara 5, au zikipita hatua 75 za kila upande bila kitunda kusogea wala kete kuliwa, mchezo ni sare hata kama wachezaji wamenyamaza, isipokuwa hatua ya mwisho ikiwa ya chekimeti.

Saa kuisha. Muda wako ukiisha lakini mpinzani hana namna yoyote halali ya kukufikisha chekimeti, kwa mfano amebaki na mfalme peke yake, ni sare. Usikubali kuandikiwa kushindwa kabla ya mwamuzi kuutazama ubao.

## 9. Zoezi, kisha sahihi

Fanyeni zoezi hili raundi tatu, mkibadilishana viti. Raundi ya kwanza Mweusi adai, ya pili Mweupe adai. Ya tatu mmoja adai kwa makosa makusudi, na anayekaa kama mwamuzi amnase. Mkiwa na saa na karatasi, zote tatu hazimalizi saa moja. Mwamuzi wenu asiwaonee huruma: aliyegusa kete amekosa dai, aliyebonyeza saa kumpa mpinzani zamu amekosa dai.

Siku yenyewe, mkitoka sare, andika ½–½ kwenye karatasi yako, hakikisha na ya mpinzani ina matokeo hayohayo, kisha mtie sahihi zote mbili. Soma kabla ya kusaini. Matokeo yaliyotiwa sahihi yanasimama hata yakiwa yameandikwa kimakosa, isipokuwa mwamuzi aamue vingine. Nakala yako ikunje uiweke mfukoni, na mkifika kijiweni jioni mpange mkao wa hatua ya 10 na muuanze upya kutoka hapo.